Riemenschneider: Fundi wa mbao aliyegoma kupigana na wakulima

Jina lenyewe linaweza kukufunga ulimi: Tilman Riemenschneider. Tamka Rimenshnaida, usonge mbele, maana stori ni tamu kuliko jina. Huyu jamaa alikuwa mchongaji wa sanamu za makanisani katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, miaka zaidi ya 500 iliyopita. Kwa muda mrefu alikuwa na kila kitu ambacho mtu wa kazi ya mkono anaweza kuota: karakana iliyojaa vijana, nyumba kadhaa mjini, mashamba ya mizabibu, kiti kwenye baraza la mji, hata umeya. Kisha mwaka wa 1525 ikafika siku ya kuchagua upande. Akachagua, na bei yake ikawa karibu kila kitu alichokuwa nacho.

Ukitaja Renesansi, yaani kile kipindi cha mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, wengi hukimbilia Italia. Michelangelo, marumaru nyeupe, mapapa wenye pesa. Ni sawa. Lakini kaskazini mwa milima ya Alps kulikuwa na mafundi wengine wa kiwango hicho hicho ambao mali ghafi yao kubwa ilikuwa mbao. Na sisi wa Olenguruone, kule juu kwenye baridi na ukungu pembeni mwa msitu wa Mau, fundi wa mbao tunamwelewa haraka kuliko fundi wa marumaru. Huku mtoto anajua mapema tofauti ya ubao mbichi na ubao uliokauka, kwa sababu ule mbichi utapinda na kupasuka, na mwenye nyumba atarudi kudai pesa zake.

Mgeni mjini Würzburg

Tilman alizaliwa karibu mwaka wa 1460 katika mji mdogo wa Heiligenstadt. Angali mtoto, familia ilihamia Osterode, karibu na milima ya Harz, ambako babake alisimamia kazi ya kutengeneza sarafu. Kwa hivyo hakutoka kwa familia ya njaa. Pia alikuwa na mtu ndani, kama tunavyosema: amu yake alikuwa mwanasheria na mshauri wa mambo ya pesa kwa askofu wa Würzburg.

Hapa inafaa uelewe siasa za wakati huo. Askofu wa Würzburg hakuwa wa kuendesha misa tu. Alikuwa mtawala kamili. Alikuwa na jeshi, alitoza kodi, aliamua kesi, na aliishi ndani ya ngome ya Marienberg, juu ya mlima unaoutazama mji kutoka ng'ambo ya mto Main. Ukiwa mjini, popote ulipoinua macho uliiona ngome. Iweke akilini, maana stori hii itairudia.

Mwishoni mwa 1483 Tilman alijiunga na chama cha Mtakatifu Luka mjini Würzburg, kilichounganisha wachoraji, wachongaji na mafundi wa vioo. Vyama hivi vilishika soko lote la kazi. Bila kukubaliwa na chama, hungefungua karakana hata kama mikono yako ingekuwa ya dhahabu. Na yeye aliingia akiwa kibarua wa fundi, si bosi.

Mambo yalibadilika Februari 1485. Alimwoa Anna Schmidt, mjane wa sonara, aliyekuwa na watoto watatu wa kiume na nyumba mjini. Kwa mpigo mmoja Tilman akapata mke, watoto wa kambo, mahali pa kufanyia kazi, uraia wa mji na cheo cha fundi mkuu. Siku hizi mtandaoni angepewa majina. Enzi hizo ndoa za hivyo kati ya familia za mafundi zilikuwa kawaida: mjane alipata mtu wa kushikilia nyumba, fundi kijana akapata pa kuanzia. Anna alifariki baada ya takribani miaka kumi. Maishani mwake Tilman alioa mara nne, na wake watatu wa kwanza aliwazika.

Mbao bila rangi

Kazi kubwa ya mchongaji wa kanisa wakati huo ilikuwa kutengeneza lile umbo refu la mbao linalosimama nyuma ya altare. Fikiria kabati kubwa lisilo na kifani, urefu wake mita kadhaa kwenda juu, katikati kuna sanamu, na mabawa mawili ya kufungua na kufunga kulingana na sikukuu. Waumini wengi hawakujua kusoma. Sanamu ndizo zilikuwa Biblia yao.

Mbao aliyoipenda Tilman ilitoka kwa mti wa linde. Ni laini, haina nyuzi ngumu, na inakubali patasi ikuingize hadi kwenye mshipa wa mkono au kona ya kope. Mafundi waliitoboa sanamu kwa nyuma na kuacha uwazi ndani, ili mti ukikauka usipasuke usoni. Ujanja huo huwezi kuutoa kitabuni. Unatoka kwa fundi aliyewahi kuharibikiwa na kipande cha mti akiwa amebakisha siku mbili amalize.

Desturi ilikuwa kwamba mchongaji akimaliza, mchoraji anaingia na kupaka rangi na dhahabu hadi mbao isionekane kabisa. Tilman akavunja desturi. Altare aliyochonga kwa ajili ya kanisa la Münnerstadt kati ya 1490 na 1492, ya Maria Magdalena, aliiacha bila rangi. Alipaka tu kitu kama vanishi ya kahawia, macho na midomo ikatiwa rangi kidogo. Ukiondoa rangi, huna pa kujificha. Kila kosa la patasi linaonekana, na kila uso lazima usimame kwa nguvu ya mchongo peke yake. Ilikuwa kama msanii kuzima biti na kuimba kwa sauti tupu mbele ya uwanja uliojaa.

Wenye kanisa walivumilia kwa miaka kumi na kitu. Kisha wakaamua wanataka rangi. Aliyeipaka, mwaka wa 1504, alikuwa Veit Stoss, mchongaji mwingine gwiji wa Nuremberg, aliyekuwa kwenye matatizo makubwa. Stoss alikuwa amegushi hati ya deni, akashikwa, na mwaka wa 1503 akatobolewa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto kama adhabu. Alitoroka mji na kujikuta Münnerstadt, akipaka rangi kazi ya mwenzake. Wakubwa wawili wa mbao Ujerumani walikutana hivyo, kwenye kazi moja ambayo mmoja wao alitaka ibaki tupu.

Yuda katikati

Ukiniuliza kazi yake ya kuonyesha mtu asiyejali sanaa, nitasema Rothenburg ob der Tauber. Kanisa la Mtakatifu Yakobo lilikuwa na masalio waliyoamini ni tone la damu ya Yesu, na likataka altare ya kuyaweka. Seremala Erhart Harschner alitengeneza sanduku lenyewe. Tilman alichonga sanamu, kuanzia 1501 hadi karibu 1505.

Katikati kuna Karamu ya Mwisho. Wasanii wengi humweka Yesu katikati na Yuda pembeni, au upande wake wa meza, ili umtambue na umchukie mara moja. Tilman alifanya kitu kingine. Aliyesimama katikati kabisa, mbele yako, ni Yuda, ameshika mfuko wake wa pesa. Yesu yuko upande, ananyoosha mkono kumpa kipande cha mkate. Nyuma yao kuna vidirisha vya vioo halisi, kwa hivyo mwanga wa jua unapita kati ya vichwa vya mitume kama uko kwenye chumba chenye watu. Msaliti hajafukuzwa mezani. Anapewa chakula. Na kwa kuwa yeye ndiye aliye katikati, muumini anayekuja kupiga magoti anakutana naye kwanza.

Kule Creglingen, kwenye kanisa dogo nje ya mji, alichonga altare nyingine, ya Maria akipaa mbinguni, mitume wakitazama juu kila mmoja kwa uso wake: mwingine ana shaka, mwingine anaomba, mwingine amechoka tu. Hakuna nyuso za kurudiwa. Unaweza kuapa umekutana nao kwenye mkutano wa chifu.

Hakushika mbao pekee. Kwa jiwe alichonga Adamu na Hawa wa mlango wa kanisa la Marienkapelle mjini Würzburg, kazi aliyopewa na baraza la mji mapema miaka ya 1490. Adamu wake ni kijana mwembamba asiye na ndevu, amesimama kama mtu asiyejua mikono aiweke wapi. Huko Bamberg alifanyia kazi kaburi la Kaisari Heinrich II na mkewe Kunigunde, ambalo lilimalizika 1513.

Halafu kuna maaskofu. Rudolf von Scherenberg alipofariki mwaka wa 1495 akiwa mzee sana, Tilman ndiye aliyechonga kaburi lake ndani ya kanisa kuu la Würzburg. Kawaida ya makaburi ya wakubwa ni kuwapendezesha. Yeye alimchonga mzee jinsi alivyokuwa: mashavu yamezama, midomo imekunjamana, macho yamechoka na mamlaka. Askofu aliyefuata, Lorenz von Bibra, alifariki 1519, na kaburi lake pia likatoka kwa karakana ya Tilman. Maaskofu wawili, makaburi mawili, fundi mmoja. Wa tatu aliitwa Konrad von Thüngen.

Fundi ameomoka

Kufikia hapo Tilman alikuwa ameomoka kabisa. Oda zilikuja kutoka kote Franconia. Wanagenzi walijaa karakana, na alikuwa miongoni mwa watu wenye mali mjini. Mwaka wa 1504 aliingia kwenye baraza la mji, na mwaka wa 1520 akawa meya. Mtoto wa kuja, aliyeanza kama kibarua, sasa alikuwa anakaa meza moja na wenye mji.

Tuwe wakweli hapa. Huyu hakuwa mwanaharakati. Alikuwa tajiri, mwenye nyumba na mashamba, na wateja wake wakubwa walikuwa kanisa na watawala. Kama kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza na kula vyake, ni yeye.

1525: kinaumana

Wakulima wa Ujerumani walikuwa wameminywa hadi mwisho. Wengi walihesabiwa kuwa mali ya bwana wa ardhi. Walifanya kazi ya lazima bila malipo. Mzee wa boma akifa, bwana alikuja kuchukua fungu la urithi, mara nyingi mnyama bora zaidi zizini. Misitu ambayo zamani ilikuwa ya kijiji ilikuwa imechukuliwa, na mtu akikata kuni aliitwa mwizi. Martin Luther alikuwa ameanza kuitikisa kanisa tangu 1517, na wakulima wakajiuliza: kama mbele ya Mungu tuko sawa, mbona duniani tunauzwa pamoja na shamba?

Machi 1525, mjini Memmingen, waliandika madai yao 12. Yasome leo na utashangaa yalivyo ya kawaida. Wachague wachungaji wao wenyewe. Waachiliwe kutoka utumwa. Wapate kuni na mbao za kujengea kutoka msituni. Malisho ya kijiji yarudi kwa kijiji. Kodi iwe ya haki. Luther mwenyewe, aliyewapa moyo bila kukusudia, aliwageuka baadaye na kuwataka watawala wawaponde.

Jeshi la wakulima likafika Würzburg. Askofu Konrad akataka mji umsaidie kupigana nao. Baraza la mji, Riemenschneider akiwa ndani yake, likakataa. Wenyeji hawangeinua silaha dhidi ya wakulima. Konrad akakimbilia Heidelberg, akaacha ngome ya Marienberg mikononi mwa walinzi wake. Mei 15 wakulima walijaribu kuivamia ngome wakashindwa. Kuta zilikuwa nene na wao hawakuwa na mizinga ya kutosha. Mwanzoni mwa Juni jeshi la mabwana likafika na kuwachinja uwanjani kwa maelfu. Siku chache baadaye askofu akarudi mjini kwake, na wachinja vichwa wakaanza kazi.

Hapa ndipo mtu wa Olenguruone anakaa sawa kwenye kiti. Sisi pia tunajua maana ya kuambiwa uko kwenye ardhi kwa hisani ya mwenye nguvu. Kuanzia 1941 serikali ya kikoloni iliweka familia za Wakikuyu kwenye skimu ya Olenguruone, kisha ikawapa masharti: ulime hivi, urithishe vile, na ukubali kwamba wewe ni mpangaji tu. Walikataa kutia sahihi. Walikula kiapo cha umoja, wanawake na watoto wakiwemo, jambo lililokuwa geni. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, mazao yao yakiharibiwa, wengine wakapelekwa kwenye ukame wa Yatta. Wanahistoria wengi huona kiapo kile kuwa miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Karne nne na bahari ziko katikati ya Würzburg na Mau, lakini swali ni lile lile: ardhi na msitu ni vya nani, na fundi, mwalimu au karani mwenye mshahara wake atasimama wapi siku ya kuulizwa?

Ngome na ukimya

Riemenschneider alikamatwa pamoja na wenzake wa baraza na kufungiwa ndani ya Marienberg. Alikuwa mzee wa miaka kama 65. Waliteswa. Takribani miezi miwili baadaye, Agosti, aliachiliwa. Sehemu kubwa ya mali yake ikatwaliwa. Kiti cha baraza kikaenda.

Umesikia labda ile hadithi kwamba walimvunja mikono ili asichonge tena. Inasambaa sana, na ni rahisi kuona kwa nini: inafaa kwa filamu. Lakini hakuna rekodi ya wakati ule inayosema hivyo, na mwaka wa 1527 alilipwa kwa kazi ya kukarabati altare ya watawa wa kike huko Kitzingen. Mikono ilifanya kazi. Kilichokatika ni oda. Mtu aliyechonga kaburi la kaisari na la maaskofu wawili sasa alikuwa anapewa marekebisho. Kwangu mimi hilo linauma kuliko hadithi ya mikono. Kuvunja mikono ni kazi ya mnyongaji mmoja kwa asubuhi moja. Kumnyima fundi kazi kunahitaji mji mzima, kila mteja akijifanya hamjui, siku baada ya siku, kwa miaka sita.

Alifariki Julai 7, 1531. Mwanawe Jörg, aliyerithi karakana, alimchongea jiwe la kaburi. Kisha jina likazama. Sanamu ziliendelea kusimama makanisani, watu wakipiga magoti mbele yake bila kujua nani alizichonga. Ile ya Creglingen ilifungwa kabisa baada ya kanisa kuwa la Kiprotestanti, ikafunguliwa tena 1832. Jiwe la kaburi lake lilipatikana ardhini mwaka wa 1822, karibu na kanisa kuu la Würzburg, na hapo ndipo watu walianza kuunganisha jina na kazi. Karibu miaka 300 ya kusahaulika.

Mwaka wa 1945, Ujerumani ikiwa kifusi baada ya vita vya Hitler, mwandishi Thomas Mann, aliyekuwa amekimbilia Marekani, alitoa hotuba kuhusu nchi yake na akamtaja Riemenschneider: Mjerumani ambaye hakutafuta siasa, lakini saa ilipofika moyo wake ulisimama na maskini. Mann alihitaji mfano wa Mjerumani aliyekataa kumtii mtawala, na akalazimika kurudi nyuma miaka 400 kumpata.

Mimi simwiti mtakatifu. Hatujui alisema nini ndani ya baraza, wala kama alikuwa na hofu. Tunajua tu kwamba mwenye mengi ya kupoteza hakukubali kuyalinda kwa damu ya wakulima. Mtu aliyeweka Yuda na mfuko wake katikati ya altare, miaka 20 kabla, bila shaka alikuwa amefikiria kidogo kuhusu pesa na usaliti.

Na leo ukienda Würzburg kutafuta kazi zake, mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko kwenye jumba la makumbusho. Adamu na Hawa wa awali wako humo. Wanaosimama mlangoni pa Marienkapelle ni nakala. Jumba lenyewe liko ndani ya ngome ya Marienberg, ile ile aliyofungiwa. Watu wanapanda mlima na kulipa kiingilio ili waone kazi ya mfungwa. Askofu Konrad, ukimtaja, lazima uanze kueleza alikuwa nani.